Kitufe cha Tayari

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeacha kazi! Naliandika neno hili kwa utulivu kabisa. Niko jikoni, chai imepoa, moyo umetua.

Miaka yote hii nimetengeneza programu za simu. Ile ya kuwakumbusha watu kunywa maji ni yangu. Ile ya kutafuta simu iliyopotea ni yangu pia, ingawa ni lazima uwe na simu ndipo uitumie. Leo duka la programu limenirudishia kazi tena. Kitufe kimoja, wanasema, kimekaa karibu mno na kingine. Mara ya mwisho walisema viko mbali.

Nikasimama. Nikamwambia bosi, mbele ya ofisi nzima, kwamba mimi si mtu wa kubisha hodi kila siku kwenye mlango wangu mwenyewe. Kwamba nahamia kwenye tovuti. Kwenye tovuti hakuna mkaguzi. Unarekebisha asubuhi, dunia inaona asubuhi hiyohiyo. Bosi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama najua kutengeneza tovuti. Nikamjibu kwamba aliyezoea kuchinja ng'ombe hashindwi na kuku. Nikasikia kofi moja nyuma yangu. Nikageuka kushukuru. Mhasibu alikuwa anaua mbu.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, mtu asiyeshtuka hata pazia likishika moto. Aliendelea kusahihisha madaftari. Akasema ni sawa, nimwombe wifi anifundishe.

Wifi! Dada yake mdogo huyo hutengeneza tovuti, na hivi sasa anakaa kwetu kwa sababu bomba limepasuka kwake. Kafanya meza yetu ya kulia kuwa ofisi. Ndiye yuleyule niliyemwambia mwaka juzi, ukoo mzima ukisikia, kwamba kazi ya tovuti ni kupaka rangi kuta, sisi wa simu ndio tunaojenga nyumba. Watu walicheka sana. Yeye alitabasamu akaniongezea juisi. Leo niende nikamwombe brashi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, najua. Ila mimi mgongo unaniuma.

Nitajifunza kimyakimya. Wiki moja inatosha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Asubuhi nzima nimepangusa vumbi kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti cha wifi. Ukisimama pale skrini yake yote unaiona. Tatizo, anaandika kama mvua juu ya bati. Nikishika neno moja, kumi yamepita. Hatimaye akageuka akaniuliza, kwa upole, kama rafu ina ugonjwa. Nikasema vumbi la siku hizi ni baya.

Mchana nikahamia bafuni na simu yangu kutazama masomo ya video. Mwalimu wa humo huanza kila somo kwa kusema kwamba hili ni rahisi sana. Hapo ndipo ninapompoteza. Mara picha ikaganda, mdomo wa mwalimu wazi. Intaneti imekatika! Wakati huohuo mama mkwe akapiga simu. Nikamwambia, mama, shikamoo, nitakupigia baadaye, hii wifi inanisumbua tangu asubuhi, natamani kuitupa dirishani.

Kumbe masikio ya mama mkwe huchagua ngeli yanayoitaka. Mimi nilisema inanisumbua. Yeye alisikia ananisumbua.

Haikupita muda simu ya wifi ikalia mezani. Nikasikia kupitia mlangoni: hapana mama, sijamsumbua. Hapana mama, hatujagombana. Ndiyo mama, madirisha yote yamefungwa.

Jioni wifi akaniuliza kama ningependa ahamie kwa rafiki yake. Mume wangu alicheka hadi akaweka kalamu chini, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Nikaeleza. Nikaeleza kupita kiasi. Wakataka kujua nilikuwa natafuta nini kwenye intaneti, bafuni, mlango umefungwa. Nikasema mapishi.

Sasa wanayangoja hayo mapishi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepika. Walikula kwa heshima.

Habari kubwa ni nyingine. Nimepata mteja!

Nilipeleka suruali za mume wangu kwa dobi wa mtaa wa pili. Dobi ni mtu mnene, mpole, anayeongea na nguo kama watoto. Simu yake hailali. Anaibana kwa bega huku mkono ukipiga pasi, na kila anayepiga ana swali lilelile: zangu tayari? Leo kola nyeupe ya mtu imepata alama ya kahawia kwa sababu ya swali hilo. Dobi aliitazama ile kola kama aliyefiwa.

Nikaona mlango. Nikamwambia anahitaji tovuti. Kila mteja ana namba kwenye tiketi yake. Ataingia, ataandika namba, ataona BADO au TAYARI. Simu zitanyamaza. Pasi itatulia.

Dobi alinitazama kama nimeshuka na mbawa. Mke wake, anayekaa kaunta, mwanamke mwenye macho yanayoona mfukoni mwa mtu, akauliza kama wateja watalazimika kupakua kitu. Hakuna kupakua, nikasema, hayo ni mambo ya zamani. Akauliza nimeshatengeneza tovuti ngapi. Nikasema sijawahi kuzihesabu.

Ni kweli tupu. Sijawahi.

Tumekubaliana ianze Jumamosi asubuhi. Mke wa dobi akaongeza kwamba Jumamosi ndiyo siku yao nzito, na safari hii kuna bwana harusi anayekuja kuchukua suti. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Tovuti inakwenda vizuri. Kwenye simu inapendeza ajabu. Ila nilipoifungua kwenye kompyuta ya mume wangu, ilikuwa kamstari kembamba katikati ya weupe, kama mtu mmoja aliyelala kwenye kitanda cha familia. Nikaitanua. Kitufe kikatoweka. Nikakitafuta. Nikakikuta chini kabisa, peke yake, pembeni, kama kimenuna.

Asubuhi yote nimejaribu kukiweka kitufe hicho katikati. Katikati tu! Kwenye simu kazi hiyo huifanya huku napiga miayo.

Nikabuni mbinu. Wifi alipopumzika kunywa chai, nikamwambia kwamba rafiki yangu mmoja, maskini, ameanza tovuti na hajui kuweka kitu katikati. Wifi akaeleza taratibu, kijiko mkononi, akanichorea kwenye karatasi. Akasema nimsalimie rafiki yangu. Baadaye rafiki yangu akawa na tatizo la rangi. Kisha la herufi. Kisha la kuhifadhi namba za tiketi. Wifi akaniuliza kama rafiki yangu analala vizuri.

Mume wangu, bila kuinua kichwa, akasema kwamba rafiki huyo amwonee huruma mumewe, maana mtu kama huyo hupika vibaya. Sikumwelewa. Rafiki yangu hajaolewa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Imekamilika!

Nimewaonyesha pale kaunta. Kila nguo ina mstari wake, na kwenye mstari kuna kitufe kikubwa kilichoandikwa BADO. Nguo ikiisha, unakibonyeza, kinageuka kijani kinasema TAYARI. Hakuna menyu, hakuna maswali. Dobi alikibonyeza kwa kidole chake kinene. Kikageuka. Akamwita mke wake aje aone. Akakibonyeza tena. Sijui kama niliwahi kumfurahisha mtu hivi kwa yale mambo ya kunywa maji.

Mke wa dobi amewatumia wateja wote anwani ya tovuti kwa ujumbe. Akasema Mungu anibariki.

Jioni wifi akauliza habari za rafiki yangu. Nikamwambia kamaliza. Akauliza kama kaweka nenosiri, yaani kufuli, ili mwenye duka tu ndiye abadilishe mambo. Nikamwambia rafiki yangu anaona nenosiri huwachosha watu. Simu ya mtu si ni ya mtu? Nani atakwenda kubonyeza kisichomhusu?

Wifi akasema, polepole, "Wifi, mwambie aweke kabla hajalala."

Nikasema nitamwambia. Nikalala mapema.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Niandike yote, tena kwa mpangilio, maana mikono inaniuma na nikiacha nitaanza kuyapamba.

Nilifika kwa dobi nimevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Nikakuta foleni. Foleni ndefu, imepinda kona, imefika kwa muuza magazeti. Nikafurahi! Nikadhani wamekuja kunishukuru. Kila mmoja ameinua simu, na kila simu ina kijani.

Ndani, dobi amesimama katikati ya mabeseni, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Nguo zimelowa. Nguo zinaelea. Nguo zinadondosha maji kwenye kamba. Hakuna hata moja iliyo tayari.

Ilinichukua muda kuelewa, na mke wa dobi hakunisaidia, aliniangalia tu. Mteja aliingiza namba yake. Akaona nguo yake, na kando yake kitufe kikubwa, kizuri, katikati kabisa, kimeandikwa BADO. Na mtu akionyeshwa kitufe hufanya nini? Hukibonyeza. Kikageuka TAYARI. Akavaa viatu akaja.

Kulikuwa na nesi aliyezifuata sare zake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyestaafu ujaji, amebonyeza mara nyingi, anasema ni kwa ajili ya uhakika. Kulikuwa na mama aliyeandika na namba ya jirani yake, akaona shuka zake zimesahaulika kwenye BADO, akamsaidia. Na mlangoni, pamoja na msimamizi wake, alisimama bwana harusi. Suti yake ilikuwa kwenye kamba. Ilidondosha tone. Sote tukalitazama likianguka.

Mke wa dobi akanisogelea. Sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko kelele.

"Dada, hiki kitufe ni cha nani?"

Nikasema ni cha wote.

"Basi na hawa wote ni wako."

Nikatoa kompyuta. Nikarudisha kila kitu kwenye BADO. Foleni ikaona, ikanung'unika, ikabonyeza. TAYARI. Nikarudisha. Wakabonyeza. Nikarudisha tena, jasho linanitoka, wakabonyeza tena, na wao walikuwa wengi. Kinyozi wa kona akapaza sauti kwamba mashine yetu ni kigeugeu. Dobi alikaa juu ya ndoo akazitazama zile nguo, na mabega yake makubwa yakashuka. Nadhani ningependa anitukane.

Nikatoka uani, nikampigia wifi. Nikasema wifi, rafiki yangu amekwama.

"Mwambie asiguse kitu. Nakuja."

Nikamwambia rafiki yangu yuko kwa dobi.

"Najua," akasema. "Niko hapa nje kwenye foleni. Suruali za kaka zilisema tayari."

Akapita katikati ya watu, akaomba radhi huku na huku, akakaa juu ya kapu la shuka, akaiweka kompyuta yangu magotini. Hakuniuliza swali hata moja. Akaandika, kama mvua juu ya bati, na kwenye simu moja baada ya nyingine vile vitufe vikafifia, yakabaki maneno tu, yasiyobonyezeka. Foleni ikashusha pumzi ya kukata tamaa. Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba hapa sina kazi, ila pasi ziko mbili.

Nikapiga pasi! Dobi akanishikisha ile ndogo, akanionyesha namna ya kutandika kitambaa juu ya suti isije ikang'aa. Yeye akachukua koti, mimi suruali. Mvuke ukajaa chumba. Bwana harusi aliketi kwenye kigoda nyuma ya pazia, kajifunga taulo, anamtuliza msimamizi wake. Alisema afadhali suti iliyolowa kuliko bibi harusi aliyeghairi. Mke wa dobi akatoka kwa wale wa foleni na kalamu, akawaandikia nyuma ya tiketi saa ya kurudi, mmoja mmoja, na nashangaa kusema kwamba walitii. Nesi ndiye pekee aliyebaki. Akaanza kukunja shuka bila kuombwa.

Bwana harusi aliondoka na suti ya moto. Mabegani ilikuwa bado inatoa mvuke kidogo. Alisema hajawahi kuvaa nguo yenye joto hivyo, na kwamba inamtia moyo.

Tulirudi nyumbani jioni, mimi na wifi, kila mmoja na suruali za mume wangu mkononi, zimekauka. Nilingoja anicheke. Nilikuwa nimeshaandaa majibu mawili.

"Wifi," akasema, "unajua kwa nini nilisomea kazi hii?"

Nikasema sijui.

Akasema ni siku ile kaka yake aliponileta nyumbani kwao mara ya kwanza. Niliwaonyesha programu yangu ya maji. Ililia katikati ya chakula, na watu wote mezani, hata baba yake aliyekuwa amenuna, wakainua glasi kwa pamoja. Akasema alikuwa bado mwanafunzi, hakuwa anajua anataka kuwa nani. Alitazama zile glasi zikipanda akajiambia, na mimi nataka niguse kitu hapa watu wainue glasi kule.

"Ile ya kupaka rangi iliniuma," akasema. "Kwa sababu ilitoka kwako."

Nilitaka kuomba radhi. Maneno nilikuwa nayo. Nikakohoa. Nikamwambia nitambebea na zile suruali alizoshika. Akanipa. Nadhani alielewa, maana alinishika mkono tulipovuka barabara, kama mtu anavyomshika dada yake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Vidole vimevimba. Siwezi kufungua chupa.

Mke wa dobi kaja mwenyewe hadi mlangoni. Nilifikiria kujificha bafuni. Kumbe kaja kusema tovuti wanaitaka. Jana, pamoja na maafa yote, hakuna mteja hata mmoja aliyepiga simu. Na kufuli aliloweka wifi linafanya kazi, nenosiri analijua mke wa dobi peke yake, hata mume wake hajamwambia. Kabla hajaondoka alimwangalia wifi, akaniangalia mimi, akasema nyumba yenye mafundi wawili haikosi paa. Halafu akasema lakini mmoja awe anashika ngazi. Sijui alimaanisha yupi.

Bomba la wifi limetengenezwa. Hata hivyo kasema atakaa kidogo, anifundishe kila jioni, tangu mwanzo, bila kuruka hatua. Ofisini kwao wanatafuta mtu anayejua simu vizuri na yuko radhi kujifunza. Atanitaja nikiwa tayari. Atakayesema kwamba niko tayari, kasema, ni yeye. Si mimi.

Nimekubali. Mbele ya mume wangu. Aliweka kalamu chini, mara ya pili wiki hii.

Ndani nilihisi wepesi fulani. Mtu anaweza kuishi hivi, nikawaza. Taratibu, hatua kwa hatua, akijua asichokijua.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Somo la kwanza lilikuwa jana. Kufuli na funguo: nani aingie, nani abaki nje, nenosiri liwe refu. Nilielewa yote. Wifi alisifu maswali yangu. Akasema somo la pili la mambo hayo ni pana kidogo, tutaliingia wiki ijayo, tusiharakishe.

Leo mume wangu kasahau miwani. Nikampelekea shuleni. Yeye alikuwa darasani, basi nikapokelewa na mwalimu mkuu, akanikaribisha ofisini kwake kwa heshima zote. Mtu mwenye mawazo yule. Wanafunzi, akanieleza, wamepata njia ya kuingia kwenye tovuti ya matokeo na wanajiongezea alama. Mvulana mmoja asiyejua kusoma ramani amekuwa wa kwanza katika jiografia. Wazazi wanauliza. Bodi ya shule inauliza. Amemtafuta mtaalamu wa ulinzi wa tovuti kila mahali, hapatikani.

Sikupanga kusema kitu. Naapa. Nilikuwa nimeshasimama kuaga.

Lakini nikajiuliza: katika mtaa huu, nani aliyeona kwa macho yake umati mzima ukiingia kwenye tovuti isiyo na kufuli? Nani aliyepambana nao, kitufe kwa kitufe, wao wengi, yeye mmoja? Huo si uzoefu? Watu husoma vitabu tu. Mimi nilikuwepo.

Nikarudi nikaketi. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba kwa bahati yake, ndiyo kazi yangu. Akauliza nimeifanya kwa muda gani. Nikamwambia nilianza na mteja wa biashara ya mavazi.

Ijumaa naanza. Amesema nitapewa funguo zote za tovuti, alama za shule nzima, za miaka yote. Nimemwomba asimwambie mume wangu, iwe furaha ya ghafla. Wifi naye atalazimika kulileta somo la pili Alhamisi. Nitamwambia nina hamu nalo.

Kumbe mambo ya tovuti hayana ugumu. Sijui watu husomea nini miaka yote ile.